Sauti ya Mpira Kwenye Kona ya Kushoto

Kolwezi, mtaa wa Kasulo
Jumapili ya pili ya mwezi wa pili

Yaya Shafii, kaka yangu mkubwa,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tenke, wewe na lori lako, maana najua mmoja wenu akikohoa mwingine halali. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamuuma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo tunajua hali ya hewa kabla ya redio. Anauliza kama kuna anayekusongea bukari au unaishi kwa mkate na soda. Binti yangu Malaika anakusalimu mara mbili, mara moja kwa kila mguu, na sababu utaiona. Barua anakuletea Tata Mukuna, yule baba wa mizigo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe unanikata maneno. Karatasi unaweza tu kuichana, na wakati huo utakuwa umeshaisoma.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliuliza jambo moja: kama chumba chako bado kimefungwa. Nitakujibu. Kwanza nikueleze habari za basketi ya wasichana wetu.

Mahali ninapokaangia mikate unapajua, pembeni ya kiwanja, nyuma ya ukuta wa nyumba yetu. Mafuta ya moto hayapendi kupewa mgongo, basi kwa miaka kumi na mmoja nimewapa mgongo wachezaji. Watu wanadhani mi nimejifunza mchezo huu kwa kuangalia. Hapana, nimejifunza kwa kusikia. Malaika anadunda haraka na chini, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Rafiki yake Rachelle, yule mrefu, anadunda kama mtu anayegonga mlango wa choo. Nikisikia viatu vinakwenda huku na mpira unakwenda kule, najua pasi imetumwa kwa mtu ambaye alikuwa pale jana.

Siku moja Tata Kalenga, seremala anayewafundisha wasichana, alikuja kununua mikate wakati wa mapumziko. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba watoto wake wote wanaukimbilia mpira kama kuku kwenye mchele, na kwamba asiye na mpira ndiye mwenye kazi kubwa, maana ni yeye anayechagua pa kusimama. Alikula mikate miwili. Halafu akaniuliza nimesikia nini kingine. Tangu siku ile wananiita Mama Kochi, mi ambaye sijawahi kushika mpira, isipokuwa ule uliotumbukia kwenye karai langu.

Mashindano ya mitaa yalipoanza nikasikia jambo geni. Kwenye kona ya kushoto, karibu na ukuta wetu, mpira ulibadili sauti. Kwingine kote simenti inasema pa. Pale ilisema bu, kama ngoma iliyolowa, na mpira uliotakiwa kurudi kiunoni ukaishia gotini. Nikawaita wasichana, nikawaambia wapinzani wakija na mpira wawasukume kwenye kona ile, wawafungie pale, wangoje.

Yaya, ungecheka! Wasichana wa timu ya Manika walipoteza mpira mara nne mahali pamoja. Kapteni wao akampigia refa kelele: “Tata, hii kiwanja iko na bulozi!” Malaika, ulimi wake unaujua, akamjibu kwamba si uchawi, ni njaa: “Ile kona inakulaka mipira ya bageni tu.” Timu iliyofuata ilikuja na mama mmoja mwenye chupa ya maji ya maombi. Akaimwaga yote kwenye kona, na kwa sababu simenti ililowa, mpira ulikufa vizuri zaidi. Tulishinda mechi tatu. Mi nilikuwa nikipita sokoni nimeinua kichwa hadi shingo ikaniuma.

Halafu mvua za mwezi wa kwanza zikaja. Jumatano moja, katika mazoezi, Malaika aliruka kuudaka mpira uliogonga pete ya kikapu, akatua kwenye kona. Safari hii sikusikia pa wala bu. Nilisikia ardhi ikishusha pumzi, kama mzee anayekaa kitini. Kwa mara ya kwanza nikayapa mafuta mgongo. Simenti ilikuwa imepasuka kutoka ukutani hadi chini ya pete, na mguu wa mtoto wangu umezama hadi kwenye kifundo. Aliuvuta akicheka, akasema: “Mama, leo kona inataka kunikula na mi!” Wenzake wakacheka. Mi sikuweza.

Sasa, Yaya, nimefika kwenye chumba chako.

Nilijua. Tangu ile bu ya kwanza nilijua. Ulipokuwa unachimba chini ya kitanda, nani alikuwa akivuta mifuko juu? Ni mi. Uliniambia kwa mdomo wako kwamba jiwe zuri la madini linapita chini ya ukuta na kuelekea kiwanjani, nawe umelifuata. Ulipokwenda Tenke tulitandika mkeka juu ya mdomo wa shimo, tukarudisha kitanda, ukaniachia ufunguo nikutunzie mpaka bei ipande. Nikatunza. Kisha nikalifanya shimo la kaka yangu mchezaji wa sita, huku mtoto wangu mwenyewe anaruka juu yake. Hilo ni kosa langu, si lako, na hapa sitanii.

Sikungoja hata mikate iive. Nilimwita Tata Kalenga na mkubwa wa mtaa, nikafungua mlango, nikasukuma kitanda, nikaukunja mkeka. Wakaangalia chini, wakaniangalia mi, wakaangalia tena chini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alisema tu kwamba miaka yote hii alijiuliza kwa nini chumba cha Shafii kina ubaridi wa frigo.

Tumelifukia, Yaya. Shimo lako halipo tena. Sikukuuliza kwa sababu ungesema tungoje kidogo, na Malaika haruki kidogo. Ilichukua siku nane. Wachimbaji wa mtaa walikuja wenyewe, wanaume waliozoea kutoa, wakarudisha mawe na kokoto na udongo na kuushindilia, na Tata Kalenga akawauliza kama leo wanalipwa kwa kwenda kinyumenyume. Wasichana walibeba mabeseni kichwani. Mwishoni tukamwaga simenti mpya.

Fainali ilikuwa jana, na ilikuwa na Manika walewale. Walikuwa wamejiandaa. Kumbe mwalimu wao aliwaapisha kwamba yeyote atakayekanyaga kona ya kushoto atatoka. Mchezo mzima wasichana wale waliizunguka kona ile kama watu wanaopita kaburini. Tuliwaambia kwamba imetengenezwa. Nani angetuamini sisi?

Tukabaki nyuma kwa pointi moja, na muda wa shuti moja tu. Tata Kalenga akaniangalia. Mi nikainua kijiko, nikakielekeza kushoto, nikarudi kwenye mafuta yangu. Nikasikia mvua ya kwanza kwenye bati ikikimbia kuelekea ukutani. Kisha, pale kona, mdundo mmoja: pa. Mzima, mkavu, wa kurudi hadi kiunoni. Baada ya hapo kimya. Pete yetu haina wavu, kwa hiyo mpira ukiingia hauna sauti yake. Unangoja sauti ya watu.

Nilingoja. Halafu mtaa wote ukapiga kelele. Mikate kumi na mmoja iliungua, na yote ililiwa.

Tata Kalenga ana somo moja analowafundisha: mguu mmoja unabaki chini, mwingine unazunguka kutafuta njia. Ni jambo zuri, anasema, ila ukizunguka mno bila kuutoa mpira unapigiwa filimbi. Wewe uko Tenke miaka miwili, Yaya, lakini mguu mmoja uliuacha chumbani hapa. Mi nimepuliza filimbi. Kama una hasira, njoo nayo, tutaipikia.

Basi, jibu lako: chumba hakijafungwa. Kinakaa mipira, na kombe liko juu ya kitanda chako. Ukitaka kulala utalisogeza. Salamu kwa wote mnaokula nao, na Mama anakuombea barabara isiyo na mashimo. Anasema umeshapata ya kutosha.

Dada yako mdogo,
Bilkisi, Mama Malaika

Ukifika, usibishe hodi. Chukua mpira, nenda kwenye kona ya kushoto, udunde. Nitakuwa nimekupa mgongo, lakini nitajua ni wewe.