Neno la Bibi Veronika Kwenye Madigadi

Jumatatu, 3 Juni
Nani kasema? Mtu maarufu, kaka, we panda uende. Ndo nilivyomjibu dereva Shija leo alipouliza. Naandika maneno kwenye madigadi ya bodaboda, ile raba ya nyuma ya kuzuia matope. Hapa Makanyagio ukikuta pikipiki inakufundisha maisha, mwalimu ni mimi, niliyeishia darasa la tano. Madereva wanataka maneno ya wakubwa. Marais, wanafalsafa, wacheza mpira. Yameniishia. Shija ananingoja, rangi inakauka. Nikaandika: "Nyuki haulizi ua ni la kabila gani." Chini yake: Mwanafalsafa wa Ugiriki. Shija kafurahi mpaka kapiga honi.

Alhamisi, 6 Juni
Wengine wanne wametaka hilohilo. Linatembea mji mzima. Nacheka peke yangu.

Ukweli, neno ni la Bibi Veronika wa Sitalike, bibi yake mchumba wangu Neema. Mwaka jana nilienda kujitambulisha, wajomba wakaanza. Huyu Msukuma, sisi wazee wetu wametoka Burundi, itakuwaje? Bibi akawakata na hilo neno. Nikaongezewa maharage.

Jana nimepeleka barua ya posa. Bibi ndo mwenye kauli.

Jumapili, 9 Juni
Balaa. Shija kapeleka abiria Sitalike, kapaki mbele ya Bibi. Bibi hajui kusoma, kaomba asomewe. Wamemsomea mpaka chini.

Neema kapiga simu. "Bibi anasema barua haifunguliwi mpaka huyo Mgiriki aje, aeleze hilo neno alilisikia wapi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Alikutetea mbele ya ukoo, we neno lake ukampa mzungu." Akakata.

Nimekosea. Leo sina utani.

Jumatatu, 10 Juni
Nimezunguka na petroli na kitambaa. Madigadi yote matano, Mgiriki nimemfuta, naweka jina la Bibi. Mmoja kagoma. "Bibi wa Sitalike nani anamjua?" Nikamwambia utamjua wewe, geuza pikipiki.

Neema hapokei simu.

Jumatano, 12 Juni
Shija kanipeleka Sitalike. Bibi alikuwa uani anapukuchua mahindi, wajomba pembeni. Nikapiga magoti kwenye magunzi. Yanauma.

"Shikamoo Bibi. Mgiriki ndo mimi."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mbona mfupi?"

Wajomba hoi kwa kicheko. Yeye hata meno hakuonyesha. Kasema nisome raba. Nikasoma neno, nikasoma na chini: Bibi Veronika, Sitalike. Kasema rudia. Nimerudia mara tatu. Akainama, akauliza jina lake linaanzia wapi. Nikamwonyesha. Akalipitisha kidole herufi kwa herufi, polepole, mpaka mwisho. Shija kazima injini bila kuambiwa.

Bibi akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya, fungueni barua ya huyu mjukuu wangu."

Neema alikuwa mlangoni. Kageukia ukuta, analia. Mimi nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 14 Juni
Wamejibu. Wamekubali.

Leo sijafungua kazi. Nimeosha brashi, nimekaa nje. Nampenda Neema. Na bibi yake nampenda, sio utani.

We uliyeokota hili daftari, tufanye hivi. Nitajie neno moja ulilopewa na mtu wa kwenu, na jina lake kamili. Mimi naandika bure, rangi yangu. We kazi yako moja tu: umlete mwenyewe aje aone.