Sura ya Baba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Sura ya nane ya kitabu changu imekwisha! Kimebaki kitu kimoja. Nimeandika "yule mwalimu mwenye panga, pale kwenye kizuizi cha barabarani". Jina sijaliweka. Mwalimu ni baba yangu. Nilimwona kwa macho yangu, Rwanda, 1994, nikiwa na miaka kumi na minne.
Ijumaa mchapishaji anataka kila kitu.
Mwanvita, mwenye nyumba, kaniletea uji wa futari. Unaandika nini kutwa? akauliza. Mambo ya kwetu, nikasema. Yeye anajua mimi ni Muha wa Kigoma; ndivyo nilivyomwambia.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsomea kaka Agustino sura hiyo kwa simu. Akafoka — wanangu waitwe wajukuu wa muuaji?
Nikamwambia: mama Mtutsi, baba Mhutu. Kwenye vitambulisho tuliandikwa Wahutu kama baba, ndiyo maana tukapita vizuizi hadi mpakani. Tuko hai kwa jina lake! Ninyamaze?
Basi kamuulize mwenyewe, akasema.
Mwenyewe nani? Baba alifia njiani. Agustino ndiye aliyetuambia.
Kakata simu.

Alhamisi, 6 Machi
Agustino kapiga tena: baba yuko hai. Kijijini Matombo, milimani! Analima mdalasini, wanamwita Mzee Ernest. Agustino kamficha miaka yote. Hata mama hakuambiwa.
Nimemwomba mchapishaji siku tatu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi. Matombo
Mvua. Matope. Tumesukuma pikipiki ya Agustino mara mbili.
Niliapa sitamwamkia. Nikamkuta kakaa kibarazani, mgongo umepinda, anabandua magome ya mdalasini. Mdomo ukajisemea — shikamoo, baba. Nimejichukia.
Akaniomba nimsomee. Nikasoma sura nzima. Waliouawa pale kwenye kizuizi nimeandika saba, kama walivyosema walionusurika.
Akainua mkono.
"Hawakuwa saba. Tisa."
"Baba, nyamaza!" Agustino.
"Andika, mwanangu. Hao wawili hakuna anayewajua ila mimi."
Jina la kwanza akalitaja polepole. Mjomba wangu! Mdogo wake mama. Mama kafa akiamini mdogo wake alivuka mto, yuko mahali, ipo siku atapiga simu.
Nimeliandika. Jina la mjomba, na juu yake jina la baba. Yote mawili, kamili.
Agustino kamvuta nje. Wanagombana mvuani, kwa lugha yetu, kwa sauti, majirani wanasikia. La pili bado hajalitaja. Naandika mbiombio, karatasi nyingine nimezificha kifuani, Agustino asije akazichana.
Mlango huo unafunguka. Anaingia mmoja tu —