CPU Uliyoniandikia, Baba Neema

Baba Neema wangu,

Mwanao ni mzima. Jino la mbele limeng'oka, amelificha, hataki tulirushe juu ya bati. Nakuanzia na yeye kwa sababu barua hii yote inamhusu yeye, ingawa nitakuelezea habari za kompyuta.

Siku ya kuanua tanga pale Kimamba, mama yako aliniita pembeni. Hakunisema vibaya. Alisema, "Mama Neema, wewe bado binti mdogo. Ile mashine yenu ya michezo ikifa, huyu mtoto utamlisha nini? Ikifa, nitamchukua nimlee mimi." Baba zako wadogo wakaitikia, na mimi nikaitikia. Mashine ilikuwa nzima, vijana wa Mikumi walikuwa wanabanana kwenye fremu yetu kucheza mpira na mbio za magari. Niliona nimeahidi kitu ambacho hakitatokea.

Haikupita miezi miwili. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza. Habari zikafika Kimamba kabla sijajua niseme nini. Mama yako akatuma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi ya wiki inayofuata.

Unakumbuka ulivyopunguzwa kazi reli? Ulirudi na bisibisi zako, ukakaa siku tatu husemi. Ya nne ukasema, "Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hadi kompyuta za mtumba. Mimi nyaya nazijua." Ukaileta vipande vipande, ukaiunga juu ya meza tunayolia ugali, mimi nimekushikia kioo ili jua la dirishani limulike ndani, Neema yuko mgongoni. Ulinifundisha kama mtu anavyofundishwa kuchagua nyanya sokoni. Vile vipipa vidogo kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, kikivimba kichwa hata kimoja, usichukue. Pawa sapulai, kile kiboksi cha kuingizia umeme, ipime kwa mkono, nyepesi ni ya uongo. Nikakuuliza, unaniambia ya nini mimi wa darasa la saba? Ukasema, "Kompyuta haikuulizi darasa." Nilicheka. Sikujua kwamba unaniachia urithi.

Na pale hospitali uliniandikia karatasi: "Ikifa, anza na CPU nzuri. Mengine yatafuata." Niliifunga kwenye pindo la kanga.

Nisamehe, baiskeli yako nimeiuza. Nikaenda Morogoro, dukani nikamwambia kijana muuzaji, "Nataka CPU nzuri, ya gemu." Akanitolea boksi jeusi linang'aa, ubavuni kioo, ndani taa za bluu. "Dada, hii ndiyo CPU. Mikumi nzima watakuja kuishangaa." Nikaibeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga.

Kumbe wewe uliandika nini na mimi nilisoma nini. Lile boksi lote sisi tunaliita CPU. Na wewe uliliita hivyo, kila siku ulikuwa unawaambia vijana, "Msiegemee CPU yangu." Sasa ningejuaje kwamba kwenye karatasi umeandika kama fundi, na si kama Baba Neema?

Jirani yetu fundi redio ndiye aliyenifungulia. Akachungulia, akakuna kichwa. "Mama Neema, umenunua kabati." Akanionyesha kidude chembamba, hakizidi kiberiti. "Hii prosesa ndiyo CPU aliyoisema marehemu. Hii uliyouziwa ni ya kuandikia barua. Mpira haiwezi kuuendesha." Nikainua pawa sapulai kwa vidole viwili. Nyepesi kama mkate. Na mimi dukani sikuishika, nilikuwa naangalia taa. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, mume wangu. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Nilirudi Morogoro na boksi lile lile. Kijana akasema mzigo ukitoka dukani haurudi. Nikamwambia, "Sirudishi. Nabadilisha. Hii inang'aa, kesho unamuuzia mwingine. Mimi nipe mbaya." Akacheka. "Mbaya kivipi?" Nikamwonyesha boksi la kijivu la mtumba wa ofisini, limebonyea pembeni, vumbi limeganda. Nikaomba alifungue. Vipipa vyote vichwa bapa. Sapulai nzito, ilinivuta mkono. Akaacha kucheka, akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikainama kulifunga boksi, ningelia mbele yake.

Pesa iliyobaki baada ya kubadilisha haikutosha vitu vyote viwili. Kadi ya grafiki, ambayo ingewapa wachezaji sura nzuri na mama yako angeona vijana wanasongamana, au prosesa yenye nguvu na RAM, ile kumbukumbu ya mashine, ya kuongezea. Nilisimama mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikachukua prosesa na RAM, nikahakikisha kwanza kwamba kwenye mazabodi ipo nafasi ya kadi, siku nikijaliwa. Kama nilikosea, nimemkosea Neema, si mashine.

Imewaka. Nimeiunga mwenyewe, fundi redio amesimama tu. Picha ni hafifu. Jana kijana mmoja amenilalamikia, "Mama Neema, huyu mchezaji mbona hana macho?" Nikamwambia, "Mpira anauona, cheza."

Leo mama yako amekuja. Nimemwamkia, ameitikia marahaba, ameketi kwenye benchi la wachezaji. Amekuja na mfuko wa kubebea nguo za Neema, ameuweka magotini. Akaliangalia lile boksi lililobonyea.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Mbona kibovu?"

"Kibovu nje, mama. Nimekichagua kidumu."

"Nani kakuchagulia?"

"Mwanao."

Umeme ukacheza wakati ule ule, taa ya duka la jirani ikazima ikawaka. Mashine haikuzima. Vijana waliokuwa wanacheza hata hawakugeuza shingo. Mama akasema, "Nitarudi baada ya mavuno. Nikikuta imekufa, mwanangu, usinililie."

Ameondoka na basi la saa nane. Ule mfuko ameukunja kwapani, mtupu.

Baba Neema, mavuno hayako mbali. Kila taa ikipepesa, moyo unasimama mpaka nisikie feni inaendelea. Sina wa kumuuliza, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyejibu. Ila leo mwanao amelala kwetu.

Mkeo,
Mama Neema