Mradi wa Miaka Mitatu

9 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Mzima wewe? Na hiyo miguu yako ya kusimama wodini usiku kucha, imepata nafuu? Mimi sijambo, isipokuwa sauti imenikauka kwa kupiga kelele uwanjani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mumeo anadakia maneno kabla sijayamaliza.

Kocha wetu mkuu ameondoka. Katikati ya msimu, bila kuwaaga wachezaji, amepata chuo kikubwa zaidi. Hawa makocha wa vyuo, wifi, mimi wamenitoka moyoni. Akifika tu anavaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yametanda. Mwezi wa kwanza anatangaza kwamba timu aliyoikuta ilikuwa kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa. Mwezi wa pili anaanza kusema "falsafa yangu". Akishinda, kashinda yeye. Akifungwa, ah, vijana walikuwa na mitihani. Akibahatika kikombe kimoja cha bati anapiga nacho picha, na hiyo picha ndiyo inayomtangulia kwenye chuo kingine. Huyu wetu tangu Oktoba alikuwa anaumwa mgongo. Kumbe mgongo wenyewe ulikuwa kwenye usaili.

Muda wote huo nimekaimu mimi, timu ya wanaume pamoja na yangu ya wanawake. Wanaume niliwakuta mkiani, sasa ni wa pili kwenye ligi. Chuo kimetangaza nafasi ya kocha mkuu wa timu zote mbili, nami nimeomba. Miaka kumi na moja nafundisha wanawake hapa. Uwanja tunapewa wanaume wakishamaliza, mpira unakuwa hauonekani tena. Jezi zetu ni zao za mwaka juzi, mikono inafika vidoleni. Nikipata kazi hii, la kwanza kabisa ni ratiba: wanawake saa kumi, wanaume wasubiri. Naitaka kazi hii, wifi. Sitaki kujifanya siitaki.

Na mdogo wangu? Mradi wake unaendeleaje?

Wifi yako


21 Januari

Wifi yangu wa mimi,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi mzima, miguu ni ile ile, nimeizoea kama nilivyomzoea mdogo wako.

Bwana Mradi hajambo. Huu ni mwaka wa pili wa mradi wa miaka mitatu, na tangu anioe sijawahi kuuona huo mwaka wa tatu ukoje. Vyuo vitano ameshafundisha mpira! Kila anakokwenda anawaambia "nipeni miaka mitatu", wao wanampa, kisha yeye ndiye anawanyima. Mimi kazi yangu kufungasha. Kila tukihama naanza upya, muuguzi mgeni, zamu za usiku ni zangu na chai ya wenzangu naichemsha mimi. Ila safari hii nina habari: wamenipa usimamizi wa wodi ya wazazi. Nina meza yangu na ufunguo wangu. Nimemwambia mume wangu, hapa nimeota mizizi, ukinivuta utang'oa na udongo.

Barua yako nilimsomea tukiwa mezani. Kile kipande cha miwani nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka, aliacha kijiko hewani. Akauliza mkuu wa chuo ni nani siku hizi, uwanja umepandwa nyasi au bado vumbi, nyumba ya kocha ina vyumba vingapi. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtu ana uchungu na dada yake! Nadhani anataka kukupigia debe. Atakupigia simu.

Nenda kawaoneshe, wifi.

Wifi yako anayekuombea


14 Februari

Wifi mpenzi,

Hongera, hongera tena, bosi wa wodi! Nilipoisoma hiyo habari nilipiga vigelegele chumbani peke yangu, jirani akagonga ukuta.

Usaili umepita. Jopo lilikuwa wanaume watano na chupa moja ya maji, nayo imewekwa mbele ya mwenyekiti. Mmoja, mwalimu wa biashara mwenye tumbo la kuegemea meza, akaniuliza: "Sasa mama, utaingiaje kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha wanaume?" Nikamwambia: "Kwa mlango, nikishabisha hodi." Hakucheka mtu. Mwingine akataka kujua kama nimeifikiria presha ya kazi. Nikamwuliza ni presha ipi, ya kuitoa timu mkiani au ya kuifikisha nafasi ya pili, maana hizo zote nimeshazionja bila mshahara wake. Mkuu wa chuo akatabasamu lile tabasamu la mtu anayetaka ukaishie huko nje. Sijui, wifi. Lakini kazi yangu wameiona, na macho hayana pazia.

Mumeo amenishangaza. Amenipigia mara nne, na kila mara tunazungumza mpaka simu inachemka sikioni. Ananiuliza timu imepungukiwa nini. Nimemweleza yote: beki wa kushoto anapanda halafu anasahau kurudi, kipa anaogopa krosi, na siku za mechi chakula cha bweni kinachelewa, kwa hiyo kipindi cha kwanza vijana wanacheza na njaa zao. Akaniuliza mkuu wa chuo anapenda kusikia nini. Nikamwambia kikombe, na chuo kutajwa redioni. Zamani nikimpigia huyu simu alikuwa ananipa dakika moja kama daktari. Nimefurahi kuona nina ndugu.

Wifi yako


2 Machi

Wifi,

Salamu leo nitaziweka mwisho. Nikianza nazo nitakuwa mnafiki.

Mume wangu amerudi jana amevaa trakisuti mpya, na nembo ya kifuani ni ya chuo chenu. Nilidhani umemtumia zawadi! Nikamwuliza, akasema amesaini. Nikamwuliza, na dada yako? Akasema, nakuandikia kama alivyosema: "Dada asingepata, wale wanataka mwanaume. Afadhali basi ibaki kwenye familia." Kisha akaomba chakula.

Mimi ndiye niliyemsomea barua yako. Mimi, na domo langu. Sikujua, wifi, naapa kwa watoto wote ninaowapokea wodini. Nilidhani anakuuliza kwa mapenzi.

Mimi siendi popote. Nimemwambia afungashe mwenyewe, na tangu asubuhi anazunguka nyumba nzima anatafuta gundi ya karatasi ya kufungia maboksi. Namwangalia tu.

U hali gani? Nijibu hata kwa matusi.

Wifi yako


30 Aprili

Kwa Bi. Msimamizi wa Wodi,

Mimi mzima. Barua zako tatu zimefika, nazijibu kwa hii moja.

Mumeo aliripoti kazini na miwani usoni. Siku ya kwanza alikusanya timu zote mbili na kuhutubia. Akasema ameichambua timu kwa jicho la kitaalamu, akagundua beki wa kushoto anapanda harudi, kipa anaogopa krosi, na vijana wanacheza na njaa kipindi cha kwanza. Mkuu wa chuo alikuwa anatikisa kichwa kwa kustaajabu. Wachezaji waligeuka wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika koni za mazoezi, kwa sababu alikuwa amenipa nizishike. Baadaye akanishika bega mbele za watu: "Huyu dada yangu ndiye mhimili wangu." Mhimili! Nimepigwa bao la kisigino na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Ratiba imebadilika. Wanawake hatupewi tena uwanja jioni, kwa sababu nyasi zinahitaji kupumzika. Tunafanya mazoezi nyuma ya jiko, kwenye changarawe. Nahodha wangu amechubuka magoti yote mawili.

Kuhusu wewe, najua hukunichongea. Lakini umemfungashia huyu bwana mara tano, ukaosha trakisuti za vyuo vitano, na bado ulipoona kijiko kimesimama hewani ukadhani ni uchungu wa dada. Mimi nina kosa lilo hilo na mimi ni damu yake, kwa hiyo sina pa kukucheka. Nimechoka tu. Usiniandikie kwanza.

Kocha wa timu ya wanawake


18 Septemba

Wifi,

Najua ulisema nisiandike. Nimekaa kimya miezi yote hii, sasa basi, mdomo umeniwasha. Hujambo? Magoti ya nahodha yamepona? Mimi naendelea vizuri. Nalala kitanda kizima, na usingizi wangu umenenepa kuliko mimi.

Nasikia redioni kwamba chuo chenu kinatajwa sana. Kimefungwa sita, kikafungwa nne, juzi kikafungwa na chuo cha mifugo ambacho hakijawahi kumfunga mtu. Mdogo wako kanipigia. Akaanza na mitihani, nikajua mambo yameharibika. Anasema mkuu wa chuo siku hizi anamwita ofisini na hamwambii akae. Kibarua kinaanza kuota nyasi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna mvua, akaniuliza: "Hivi ile nafasi yangu ya huko wamempa nani?"

Hawajampa mtu, wifi. Wamemkaimisha mwalimu wa jiografia, na maskini huyo hata kona ya uwanja anaitafuta kwenye ramani. Nafasi ni ya timu zote mbili, wanaume na wanawake. Jana nilikwenda mwenyewe ofisi ya michezo na sare zangu za kazi, sikuomba upendeleo, nimeuliza tu maombi yanafungwa lini. Ijumaa ijayo.

Mdogo wako nimemjibu kwamba mambo ya mpira siyajui, mimi ni muuguzi. Barua hii sijamsomea mtu yeyote, hata paka.

Chumba cha nyuma kina dirisha na kitanda kizuri. Ukinitukana tena sawa, lakini peleka maombi kwanza.

Wifi yako, kama bado


27 Oktoba

Wifi yangu,

Bado, na zaidi ya zamani. Hujambo mwenzangu? Mimi sijambo, na nina mengi.

Nimepata hiyo kazi ya huko kwenu. Jopo lilikuwa watu watatu, na mmoja wao, mama mwenye mvi, aliniuliza ningemfanya nini beki anayepanda asirudi. Ningeweza kumbusu! Tulizungumza mpira mpaka wenzake wakaanza kufunga mafaili. Wanawake watafanya mazoezi saa kumi. Hilo nimewaandikisha kabla ya mshahara.

Mdogo wangu alisikia siku ile ile. Alikuja mlangoni kwangu bila miwani, macho madogo, kama alivyokuwa kila akivunja kikombe zamani. "Dada, ile nafasi nilikuwa naitegemea. Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia nimeona afadhali ibaki kwenye familia. Sikujisikia vibaya hata kidogo, wifi, na nisingekuficha kama ningejisikia. Nilifunga mlango nikalala vizuri sana.

Ila jana niliwaambia wanawake wangu. Tulikuwa tumemaliza mazoezi, wamekaa kwenye changarawe wanavua viatu. Msimu umebaki mechi nne. Nikaanza kusema, na nikajisikia nasema "fursa". Nikasema "si kwamba nawaacha". Nikasema uamuzi ulikuwa mgumu. Yale maneno yote, wifi, niliyoyacheka kwa miaka kumi na moja, yalitoka yamepangana vizuri kabisa, kama yalikuwa yakinisubiri mdomoni. Wengine walinipa mkono. Kipa alilia kidogo.

Nahodha hakuinua kichwa. Alikuwa anafungua kamba iliyokaza, akahangaika nayo mpaka ikafunguka, ndipo akauliza: "Jumatatu anatufundisha nani?"

Nikasema chuo kitapanga.

"Chuo," akasema. Akacheka kwa pua. Unajua ni nani atakayepewa, ni mumeo, na nahodha anajua, na magoti yake yanajua. Akazoa mipira yote akaitia kwenye wavu, nikanyoosha mkono nimsaidie, akanipita. Aliibeba peke yake mpaka stoo.

Nimeshasaini, wifi, na sirudi nyuma. Nitafika Jumapili. Jumamosi tuna mechi, na nitasimama nao kwa mara ya mwisho, kama watakubali nisimame.

Wifi yako