Jina la Tatu Kwenye Kiti cha Nyuma

Bibi Verna mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, wewe unayejibu barua za watu wenye shida, na kama barua hii itakuchosha nivumilie tu, maana mke wangu angekuwa hai ningemsumbua yeye na wewe ungepumzika. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, fundi umeme mstaafu, naishi hapa hapa Ohio nilikozaliwa, na ugonjwa wangu ni magari, tena si ya mbio wala ya matajiri, ni yale mastesheni wagoni, magari makubwa ya familia ya zamani, marefu mpaka unaona haya kuyaegesha mjini, yenye ubavu uliobandikwa plastiki ya sura ya mbao ambayo haijawahi kumdanganya mtu yeyote kwamba ni mbao, nasi tunaipenda hivyo hivyo.

Tuna klabu yetu. Kila kiangazi tunakutana kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti, tunayapanga magari kwenye majani, tunafungua milango ya nyuma, tunakaa kwenye viti vya kukunja tukila soseji na mahindi, na desturi yetu ni kwamba mgeni yeyote anaruhusiwa kupanda kile kiti cha mwisho kabisa, kile cha watoto kinachotazama barabara mnayoiacha. Na kila mgeni akishakaa pale, Bibi Verna, anasema maneno yale yale: "Baba yangu alikuwa na gari kama hili." Akishaondoka sisi tunacheka mpaka machozi. Rafiki yangu Duane huwa anawajibu kabisa, "Kama hili, au hili hili?" na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote.

Basi mwezi uliopita akaja mwanachama mpya, binti anaitwa Brenna, amenunua gari la mwaka sitini na tisa, la kijani, limechoka lakini halijaliwa na kutu, anataka kulitengeneza upya ndani yote ili alishindanishe mwakani, na mimi kwa kulipenda tu nikapanda kile kiti cha nyuma, nikakaa, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kibao cha plastiki chini ya dirisha, ukakuta mikwaruzo. Nikageuka kuangalia. LOREN. Chini yake NADINE, ambaye ni dada yangu. Baba alituandika pale kwa msumari, kila mmoja siku aliyotimiza miaka mitano na kuruhusiwa kukaa nyuma, kwa herufi kubwa, na chini ya kila jina akavuta mstari wenye ndoano mwishoni, vile vile alivyotia alama nyundo na patasi zake ili vibarua wenzake wasimwibie. Mwandiko ule naujua kuliko wangu.

Sasa chini ya Nadine kuna jina la tatu. EVERETT. Herufi zile zile, mstari ule ule, ndoano ile ile.

Kwetu hakuna Everett. Baba aliondoka na gari hilo nikiwa na miaka tisa, akasema anafuata kazi Nebraska, na majira ya baridi Mama akatuambia kwamba amekufa barabarani na gari limepondwa likauzwa chuma chakavu. Kuna jiwe lenye jina lake makaburini, chini yake hakuna mtu, tuliambiwa alizikwa huko huko, na Nadine hupeleka maua pale kila mwisho wa Mei, mpaka leo. Mama yu hai, yuko kwenye nyumba ya wazee, ana miaka themanini na minne na akili zake ni kali kuliko zangu.

Hapo nikafanya upuuzi ambao ni mtu wa magari tu angeufanya. Nilishindwa kutamka kwamba baba yangu alikuwa na gari kama hili, mbele ya Duane, mbele ya wale wote, kwa hiyo nikamuuliza binti anauza kile kibao kiasi gani.

"Hiki?" akasema Brenna. "Mzee, hiki nakitupa. Kimepasuka, na watoto wa watu wamekichorachora."

"Ni cha toleo la kwanza," nikasema. "Ukingo wake ni tofauti."

Ukingo wake hauna tofauti yoyote. Lakini mimi ndiye ninayeulizwa na klabu nzima kuhusu vitu hivyo, na kabla hatujamaliza kula habari ilishazunguka uwanja mzima kwamba Loren ameona kibao cha toleo la kwanza. Duane, ambaye gari lake halihitaji hata skrubu, akaja na bei mara mbili ya yangu. Nikamwambia hata hujui ni cha nini. Akasema, "Wewe hujawahi kutaka takataka, kaka. Ukikitaka, na mimi nakitaka." Sasa binti ameamua kukibandua wiki hii na kukipeleka Jumapili kwenye soko letu la vipuri, atakayetaja bei kubwa aondoke nacho.

Kuna jambo lingine. Brenna aliniambia gari alilinunua Iowa, kwa bwana mmoja mpole, na kwamba kabla hawajalipakia kwenye trela yule bwana aliomba akae kwanza kile kiti cha nyuma, peke yake, wakamsubiri. "Namba yake ninayo," akasema, "unataka umuulize habari za kibao chako?" Nikasema hapana. Nikaenda kununua soseji.

Bibi Verna, ninakufa kwa hamu ya kujua na nina hofu ya kujua. Huyo bwana ana umri gani, ana pua ya nani, Baba alikufa lini au hajafa, Mama alijua au naye alidanganywa? Ninywe maji ninyamaze, nikinunue kibao kwa bei yoyote nikifungie ghalani, Nadine aendelee na maua yake kwa amani? Au nifungue mdomo na kuvuruga kila mtu uzeeni? Nijibu upesi.

Loren, Ohio


Bwana Loren,

Nimekuhurumia sana, lakini kwanza acha nikugombeze. Mtu mzima mwenye mvi zako unaona jina la ndugu yako kwa mwandiko wa baba yako, unauliza bei? Toleo la kwanza? Umekoroga mwenyewe, na sasa unashangaa Duane anataka kunywa. Simlaumu hata kidogo. Mmezoea kuwacheka watu wanaokumbuka baba zao, na zamu yako ilipofika ukaogopa kuchekwa. Hilo nalo ulifikirie ukiwa umetulia.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie Brenna. Mwambie, "Binti, nilikudanganya kuhusu ukingo. Hilo jina la kwanza ni langu, na gari hilo lilikuwa la baba yangu." Atacheka, mwache acheke. Kisha mwonyeshe kitambulisho chako, na kama una nyundo moja ya baba yako mpelekee aone ile ndoano. Mwombe asikibandue kibao mpaka dada yako akione kikiwa mahali pake. Usimwombe gari, ni lake. Na Duane mwambie ukweli pia, kabla hajatoa pesa zake kwa ujinga wako.

Nadine umpeleke kwenye hilo gari mapema, kabla hujaongea na bwana wa Iowa. Usijifanye unamlinda. Unataka kujua wewe kwanza, upime, kisha umgawie kipande unachoona anakiweza, na huyo ni mwanamke mzima, karibu rika lako. Maua anayopeleka ni yake na baba ni wake. Akitaka kukasirika, akasirike na wewe ukiwa umekaa pembeni yake kwenye kile kiti.

Mama yenu mwendeeni ninyi wawili, mchana, akiwa ameshakula, na muulizeni bila kumshtaki. Labda aliambiwa hivyo akaamini. Labda aliona ni heri watoto wawe na baba aliyekufa kuliko baba aliyewaacha, na jiwe akalinunua kwa jasho lake. Mimi sijui, na wewe hujui, na yeye hana miaka mingi ya kutuambia. Akikataa kusema, mshikeni mkono muondoke. Msirudi kesho yake kumbana.

Kama baba yako yu hai pia sijui. Msumari unatuambia tu kwamba aliishi vya kutosha kumwona mtoto mwingine akitimiza miaka mitano. Jiandae kwa majibu mabaya, ikiwamo kwamba huko alikuwa baba mwema kwa mtoto mwingine.

Sasa, barua nzima umeniuliza nani atavurugika, wewe, Nadine, Mama. Yule bwana wa Iowa, ambaye nadhani ndiye Everett, umemuulizia umri na pua tu, hujauliza hata mara moja yeye anabeba nini. Wewe una mwezi mmoja tu na jina lake. Yeye aliandikwa pale akiwa na miaka mitano, chini ya majina mawili ambayo tayari yalikuwepo, akakaa kwenye kile kiti utoto wake wote akiyasoma, akimuuliza baba yenu hawa ni nani, na Mungu ndiye anajua alijibiwa nini. Anakujua wewe kwa jina tangu hajajua kusoma vizuri. Hawezi kukutafuta kwa jina la mtoto lililokwaruzwa kwenye plastiki, lakini wewe namba yake iko kwa Brenna. Mpigie, umwambie Loren ni nani.

Bibi Verna