Kiti Kilichokuwa cha Chuma

Chuo cha Udereva,
Nyumba za Walimu, ghorofa ya pili.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Vipi goti lako, bado linakusumbua ukishuka ngazi? Na Bibi naye, bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo. Mama kile kikohozi kimemwacha, sasa kelele zake zimerudi nyumba nzima.

Nisamehe kwa ukimya. Kila nikishika kalamu naona haya, maana najua picha yangu na lile gari la timu bado umeitundika karakana, na kila mteja lazima aambiwe, “Huyu mpwa wangu!” Mjomba, mbio za magari za ngazi ya juu nilikimbia nusu msimu tu, na hata hiyo nusu haikuwa yangu.

Chuma unamkumbuka, dereva mkuu wa timu yetu. Alipopinduka mazoezini akaumia uti wa mgongo, mimi dereva wa akiba nikapigiwa simu. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi niliruka juu ya kitanda kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Kumbe kile kiti kilichongwa kufuata mwili wake. Mafundi walinijazia sponji kiunoni, lakini mabegani kilinibana mbio zote. Kila nikikaribia kona kali namwona yeye, mguu unakwenda kwenye breki kabla ya wakati. Nilimaliza wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Msimu haujaisha, meneja akaniita: “Kijana, gari linataka kwenda. Wewe ndiye unayelizuia.” Nikafungasha.

Tangu hapo nafundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Ni kazi nzuri, silalamiki. Hospitali kwa Chuma sikuwahi kukanyaga. Ningemwambia nini?

Sasa sikia. Mwezi uliopita mkuu wa chuo alinipa mwanafunzi wa lile gari letu la kuendeshwa kwa mikono tu, lenye wenzo kando ya usukani: unausukuma kufunga breki, unauvuta kuongeza mafuta. Natoka nje, namkuta Chuma kwenye kiti cha magurudumu, ndevu zimeingia mvi. Akanitazama weee.

“Kumbe mwalimu ni wewe? Basi niko salama. Wewe hujawahi kumpita mtu.”

Nilicheka, Mjomba, nikamfungulia mlango wa gari.

Mtu aliyekuwa akiruka na gari kama risasi, siku ile gari lilimrukaruka kama chura, likazimika katikati ya njia panda. Madereva nyuma wakapiga honi, mmoja akamtukana. Jasho likamtiririka. Nilishindwa kuvumilia, nikayatapika yote pale pale: “Kaka, nilipopewa kiti chako nilifurahi.”

Hakugeuka. “Najua. Nilikuona kwenye televisheni unacheka. Nikamwambia muuguzi azime.”

Nikangoja aniambie yameisha. Hakuniambia. Aliliwasha gari akauliza, “Hapa nakata kulia au kushoto?”

“Kushoto.”

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Lile jambo hakulitaja tena, nami sikuthubutu. Ijumaa amefaulu mtihani, Mjomba! Mtahini alipompa mkono nilijikuta nafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo. Chuma akaniangalia, akasema, “Jumamosi ijayo nakwenda kwa mama. Njia ni ndefu, utanisindikiza. Ila utakaa nyuma.”

Mama yake siku ya ajali alikuwa jukwaani. Na mbio zangu za kwanza aliziona pia, mimi nimevaa koti la timu, jina la mwanawe limebanduliwa mgongoni na gundi bado inaonekana. Sijui nitamsalimu vipi, wala kama atanipokea. Lakini nimekubali.

Basi ile picha, Mjomba, nakuomba uishushe. Ukipenda nitakutumia ya gari la chuo, lina bango kubwa juu ya paa.

Nisalimie Bibi, na fundi rangi, na Shangazi akija. Mungu awaepushe na maradhi, na karakana isikose wateja.

Niombee Jumamosi.

Mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikinyamaza.