Mawingu Uliyoyapanga Juu ya Timboroa

Baba yangu, uliyetembea ukitazama juu mpaka ukawa unajikwaa kwenye mlango wako mwenyewe,

Jumamosi hii tuna ibada ya kukukumbuka, mwaka mmoja tangu tukuzike hapa Kiplombe. Mama ameshaamua kwamba Jumatatu itakayofuata kompyuta yako itaenda kanisani, vijana waitumie ofisini. Simlaumu. Imekaa stoo mwaka mzima kando ya magunia ya mahindi, na kila akipita hapo anageuza uso. Lakini nilimwambia kwamba haitoki hapa nyumbani kabla sijapita vilima vya Timboroa kwa ndege iliyomo ndani yake. Wewe ndiye uliyeniuliza kama nimepita, kwa hiyo jibu ni lako. Barua nimeiacha wazi makusudi, maana wako wengine mjini hapa ambao ndege zao za kompyuta zinaganda zikifika mawinguni, na huenda makosa yetu yakawafaa.

Kwa hao wasiokujua, kazi yako ilikuwa kutazama mawingu. Kila saa ulitoka ukasimama kwenye nyasi za kituo cha hali ya hewa, kando ya kile kisanduku cheupe cha vipimajoto, ukaigawa anga vipande vinane na kuandika vingapi vimefunikwa. Marubani walisomewa hesabu yako kabla ya kutua. Wewe mwenyewe hukupanda ndege hata siku moja. Mawingu uliyajua kwa tumbo lao la chini tu, kama fundi anayelijua gari kwa kulala chini yake.

Mimi ulinifunza kwa chapati. Uliikata mara mbili, ikawa vipande vinne, ukaikata tena vikawa vinane, halafu ukafunika baadhi kwa kiganja na kuniuliza anga ikoje. Nilisema tano kwa nane, ukasema hesabu vizuri mami, chapati ikapoa, Mama akatuuliza kama tunakula au tunasoma. Uliniita mami kwa sababu nimeitwa jina la mama yako, na tangu nikiwa darasa la pili ulikuwa unaniomba ruhusa ya kutoka nyumbani kana kwamba kweli nilikuzaa. Hata uso wa Mama ulikuwa na hesabu yake. Ukifika kutoka kazini ulinivuta kando ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni ngapi?" Nikikwambia saba, ulipitia jikoni polepole. Nikikwambia nane, ulikumbuka kwamba ng'ombe hajapewa maji.

Kuna somo moja lililonikera. Likizo fulani ulinipeleka kazini, na anga ilikuwa imefunga kabisa, wingu zito la chini kutoka pembe hadi pembe. Ukanipa kalamu. Kwenye safu ya mawingu ya chini nikaandika nane. Kwenye safu ya mawingu ya juu nikaandika tatu.

"Hiyo tatu umeiona wapi?"

"Ziko juu ya haya mengine. Asubuhi zilikuwa hapo."

"Saa hii unaziona?"

"Hapana, lakini najua ziko."

"Mami, kwa hii kazi hatuandiki chenye tunajua. Tunaandika chenye tunaona. Weka mkwaju."

Nikaweka mkwaju, kile kistari kinachoinama, chenye maana kwamba hapo hatukuona kitu. Nilinuna mpaka chai ya saa kumi. Niliona ni uzembe, mtu mzima na akili zake kukubali kwamba hajui kilichoko juu ya kichwa chake.

Siku yako ya mwisho kazini, saa tisa alasiri, anga ilifunga tena namna hiyo. Mstari ule wa mwisho uliunakili kwenye daftari lako la nyumbani: chini nane, katikati mkwaju, juu mkwaju. Nafikiri ilikuuma kustaafu na mkwaju.

Nilipokuletea kompyuta na programu ya kurusha ndege, nilidhani ni mchezo wa kukusogeza mpaka msimu wa kupanda. Mama akaipa meza stoo na kuibatiza ndege ya mezani. Wewe hukuwa unacheza. Ulivaa sweta ya kazi, ukachomekea shati, ukafungua ukurasa wa hali ya hewa na kupanga mawingu ya siku ile ya mwisho, saa tisa alasiri. Ulipaa kutoka Nairobi ukaifuata barabara ya Nakuru kuja huku nyumbani, ukiruka chini, kwa sababu ndiyo njia uliyoijua. Ulitaka jambo moja tu, kuingia katika lile wingu lako na kutokea upande wa juu.

Na kila mara, ukifika Timboroa, skrini ilijaa weupe na kila kitu kikaganda. Mshale wa mwinuko ulisimama. Injini ilikwaruza sauti ile ile moja. Ulingoja umekunja mikono, ukazima, ukarudi Nairobi kuanza upya. Nilikwambia utoe mawingu ndipo ikimbie. Uliniangalia kama mtu aliyeambiwa atoe mahindi shambani ndipo lilimike kwa urahisi.

Hospitalini, wiki ile uliyokuwa bado unaongea, nami jioni nikijaribu safari yako, uliniuliza, "Umepita Timboroa?" Nikasema bado. Ukanishika mkono. "Usiniambie umepita na hujapita." Nilikuwa nimejiandaa kukudanganya, Baba. Uliuona huo uongo ukija kama ulivyokuwa ukiiona mvua kutoka upande wa bondeni.

Nilikasirika mwaka mzima. Nilikasirikia kompyuta, kwa sababu wewe hukuwa karibu nikukasirikie. Halafu Mama aliposema habari ya kanisa, hasira ikageuka kazi. Nikaifunga kompyuta kwa shuka nikaipeleka mjini kwa Abdi, yule anayeuza na kutengeneza kompyuta karibu na stendi, ambaye ulikuwa ukimwambia kila asubuhi kama atahitaji mwavuli. Alifungua kifuniko, akaingiza kidole ndani ya feni akatoa kitu cha rangi ya kahawia.

"Dada, haya ni makapi?"

"Tunapukuchulia mahindi huko stoo."

"Basi mashine imekuwa ikipumua mahindi. Lazima ichemke. Ikichemka inapunguza mwendo yenyewe ndio isiungue."

Alipuliza, akapiga brashi, akaongeza kumbukumbu ya ndani kutoka kwa kompyuta nyingine iliyokufa. Alinionyesha mambo ya kupunguza: vivuli vya mawingu juu ya ardhi, umbali ambao programu inachora milima, ukali wa picha za mawingu yenyewe, na programu nyingine zote zilizokuwa zikifanya kazi kwa siri huku ndege ikiruka. Kisha akasema kile ambacho hata mimi niliwahi kukwambia. "Sasa toa mawingu kidogo."

Nikamjibu kwamba hayo mawingu hayaguswi, yamepangwa na mzee. Abdi alikuwa amekuja kwenye mazishi yako na hakubishana. Alisema tu, "Mimi nakwambia ukweli. Umeipakia kama lori ya mahindi inayotoka Turbo wakati wa mavuno, halafu unalaumu injini."

Nilirudi nyumbani nikaruka. Ilikuwa afadhali. Badala ya kuganda kabisa pale Timboroa, picha zilikuja moja moja, kama mtu anayepanga karata mezani huku akifikiri. Nilipunguza hiki, nikapunguza kile, nikajaribu tena. Jumatatu mara nne, Jumanne mara sita. Kila mara nilikuwa nafungua safari uliyoihifadhi na kubonyeza kuanza. Ukurasa wa hali ya hewa sikuwa nimeufungua hata mara moja tangu ufe. Niliuogopa, kama vile Mama anavyoogopa kusogeza viatu vyako vya mvua pale mlangoni.

Jumatano niliufungua. Nikaketi na daftari lako kwenye magoti ili nilinganishe.

Daftari lilisema chini nane, katikati mkwaju, juu mkwaju. Kompyuta ilisema mambo mengine kabisa. Lile wingu la chini lilikuwepo, nane kwa nane. Lakini juu yake ulikuwa umepanga tabaka lingine la mafungu mazito, na juu yake mavundevunde, na juu yake tena utandu mwembamba, na juu ya yote yale membamba kama nyuzi, sehemu tatu. Tatu zangu, Baba. Zile ulizonifutisha nikiwa mtoto.

Nilicheka peke yangu stoo, kisha nikalia, kisha nikacheka tena kwa sababu nilikuwa nimekukamata. Miaka yote ya kazi uliweka mikwaju, na ulipopata anga ya kwako, isiyo na bosi wa kuikagua, ukaijaza kila kitu ulichokuwa ukikijua na hukuruhusiwa kukiandika. Na kompyuta maskini ililazimika kuyachora yote, tabaka juu ya tabaka, huku wewe uko chini kabisa usione hata moja. Uliilemea mashine kwa mawingu ambayo hayakuwa kwenye hesabu yako. Kama ningefanya hivyo mimi, ungenipa kifutio.

Sitakuficha kwamba ilikuwa vigumu. Ni mikono yako iliyoyapanga. Niliyanakili yote kwanza nyuma ya daftari, kila tabaka na sehemu zake na urefu wake, yasipotee. Kisha nikayafuta moja baada ya jingine kutoka juu, mpaka likabaki wingu moja tu lililoandikwa siku ile. Zile tatu zangu nilizifuta pia.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimepita Nakuru Mama alipoingia stoo kuchukua gunia la mahindi ya wageni wa Jumamosi. Tangu mazishi uso wake ni nane kwa nane, nadhani unajua.

"Bado unahangaika na hiyo kitu?"

"Kaa hapo Mama. Dakika tano pekee."

"Niko na kazi."

"Ndiyo maana nimesema tano."

Akakaa juu ya gunia, ameshika magoti, tayari kuinuka. Nikamwonyesha barabara chini, msitu, na vilima vinavyopanda. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti, kama yanavyokuwa kule. Nikavuta usukani, pua ya ndege ikainuka.

"Hapa ndiyo ilikuwa inamkwamianga," nikamwambia.

"Najua. Alikuwa akirudi jikoni amenyamaza."

Skrini ikawa nyeupe. Niliangalia mshale wa mwinuko, ule uliokuwa ukiuangalia wewe, nao ukaendelea kupanda. Ukapanda tena. Sauti ya injini haikukwaruza. Weupe ukawa mwepesi, ukaingia manjano kidogo, halafu tukatoka. Chini yetu kulikuwa na uwanda mweupe usio na mwisho, na jua limemwagika juu yake lote. Hakuna kilichotetemeka.

Mikono ya Mama ilikuwa imeachia magoti.

"Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Alikuwa ananiambia huku juu kumetulia. Mimi namuuliza, wewe umejuaje na hujafika?" Akajifuta shavu kwa upande wa kanga. "Usiteremke bado. Tukae hapa kidogo."

Tulikaa, Baba. Niliizungusha ndege juu ya mawingu yako polepole, na Mama, aliyekuja kuchukua gunia, akakaa juu yake mpaka jua la kwenye skrini likaegemea upande wa Uganda. Tulipoteremka nilitua vibaya, nusu ya magurudumu kwenye nyasi, na Mama akauliza kama hapa ni uwanja wa ndege ama ni shamba ya mtu.

Kompyuta inaenda kanisani Jumatatu. Ahadi ni yangu na naitimiza. Nimewaachia vijana karatasi: feni isafishwe kila baada ya mavuno, na wasiwahi kuipa mashine mawingu ambayo rubani wao hatayaona. Daftari linabaki hapa. Najua ni kompyuta tu, na najua ungenikumbusha hivyo. Lakini niliulizwa swali, na sasa nina jibu ambalo sikulitunga.

Umelala, na mimi nakuaga bila deni la maneno. Tulipozima, nilichukua kalamu nikaandika chini ya mstari wako wa mwisho, kwa mpangilio ule ule ulionifunza. Mama alisimama nyuma yangu akasoma, na hakunikatalia:

Saa kumi alasiri, juu ya Timboroa. Mawingu chini yetu: nane. Mawingu juu yetu, pale palipokuwa na mkwaju: sifuri. Mama: tatu, na zinapungua.

Ni mimi,
bintiyo uliyemwita mami